Depo ya baridi na kuranti ya jua mu Lubumbashi: anza na kuta, pano itafuata

Kila mwenye depo ya samaki ao ya kuku huku kwetu, akisha kuchoka na delestaji (kukatwa kwa kuranti) na bei ya mazutu, anakuya na swali moja tu: ninunue pano ngapi za jua? Swali ni ya haki, lakini kuko ingine mbele yake, na ukiruka zile za mbele utalipa pano mara mbili na samaki bado italegea. Nitakupitisha mu hesabu yote polepole, na chumba moja ya mufano, ili hata ukikutana na fundi wa jua ao frigoristi (fundi wa mashine za baridi) uweze kumuuliza ya kumuuliza.

Kwanza sema unaweka nini mule ndani na inafika namna gani. Samaki ya tomsoni yenye kutoka Namibia, inapanda kamio pa Walvis Bay, inapita Zambia, inalala mu foleni ku mupaka wa Kasumbalesa, kisha inafanya tena kilometa kama 90 mpaka mu mugini, hiyo inafika tayari imeganda. Kazi ya depo yako ni kuilinda pa digri -18, basi. Samaki mubichi ya Kasenga, ya kutoka Luapula na barafu juu yake, hiyo ni kazi ya aina ingine kabisa. Angalia tofauti: tone moja ya samaki yenye iliingia na -12, ju milango ya kamio ilifunguliwa ku duwane, kuirudisha -18 inaomba kama kWh 3 ya baridi (kWh ni kilowati-saa, kipimo cha kuranti ao cha baridi yenye imetumika). Tone moja ya samaki mubichi yenye iko na digri 25, kuigandisha mpaka -18 inaomba kama kWh 105. Si makosa ya kuandika, ni 3 na 105. Maji yenye iko mu mwili wa samaki njo inakula ile yote, ju kugeuza maji kuwa barafu ni kazi kubwa kuliko kushusha digri tu.

Kwa hiyo ukisikia mutu anasema "depo yangu ya tone 5 inatumika na jua", uliza kama analinda ao anagandisha. Mu guide hii tunalinda. Mwenye anataka kugandisha samaki mubichi kila siku, atenge mashine yake pembeni na hesabu yake pembeni, asiingize ile mubichi mu chumba moja na karto zenye zimeganda, ju mubichi itapasha zingine joto na yeye atapoteza zote mbili.

Mboga na matunda ni kingine. Shu na karoti zinapenda digri 0 mpaka 2, biazi 7 mpaka 10, lakini tomati ukiishusha chini ya 10 inaharibika, inakosa ladha na inaanza kuoza ikitoka inje, na ndizi inapenda 13. Usiziweke zote mu chumba moja na kusema baridi ni baridi. Tena tomati na ndizi zenye zinaiva zinatoa gazi yenye inafanya shu igeuke manjano mbio.

Sasa kuta. Tuchukue chumba ya meta 4 kwa 3, kwenda juu meta 2 na nusu. Ukijumlisha kuta, plafo na chini unapata meta mraba 59. Ukiijenga na sandwichi ya poliuretani ya sentimeta 15, na inje iko digri 30 na ndani -20, joto yenye inapenya ni kama wati 470 wakati wote, inafanya kama kWh 11 ya baridi kila siku. Ukiijenga na kuta za sentimeta 5, zile bantu wanaokota ku chantier ya zamani ju ziko bei chini, inapanda kuwa kama kWh 34. Tofauti ni 23 kila siku, maisha yote ya depo. Kuifidia na jua utaongeza pano kama 9 za wati 550 na batri yake na onduleri (mashine yenye inageuza kuranti ya pano na ya batri kuwa kama ya nyumba) kubwa zaidi, na bado kompreseri itazeeka mbele ya wakati. Njo maana nasema anza na kuta. Franka yenye unaweka mu musi ya ukuta (ile povu ngumu ya kuzuia joto) haiibiwe, haiombe kusafishwa vumbi, haikufe kisha miaka kumi. Kwa chumba ya digri +4, ya vitu visivyoganda, sentimeta 10 inatosha muzuri, kwa ya -20 usikubali chini ya 15.

Na ukuta muzuri wenye viungo vibaya ni bure. Mvuke wa maji wa hewa ya inje unatafuta kila tundu uingie fasi ya baridi, unageuka barafu ndani ya ukuta, na musi yenye imelowa haizuie tena joto. Kwa hiyo ile filimu ya kuzuia mvuke inakaa upande wa joto, ni kusema inje, na kila kiungo kinapakwa silikoni, na kila tundu ya kabli ao ya tiyo inazibwa na musi. Chini pia, bafundi wetu wanapenda kusahau chini, wanamwanga beto na kuweka kareleji juu, imekwisha. Kwa chumba ya -20 chini inapashwa kuwa na izolasio sawa na kuta, la sivyo udongo wa chini unaganda, unavimba, na beto inapasuka. Mulango uwe na joe (mpira wa kuziba pembeni) muzuri na rezistansi ndogo (waya wa joto) ya kuzuia usishikane na barafu, na mapazia ya plastiki ndani. Kama nafasi iko, jenga kachumba kadogo ka katikati mbele ya mulango, hewa ya inje isiingie moja kwa moja. Mu miezi ya mvua utaona faida yake ku barafu yenye inakamata evaporateri, ile sehemu ya mashine yenye inakaa ndani ya chumba na kutoa baridi.

Kuko na bantu wanapenda kontena ya frigo ya zamani, ile ya batelo. Sanduku yenyewe iko muzuri sana, izolasio yake ni ya kweli. Lakini mashine yake ilitengenezwa kwa batelo yenye kuranti mingi, inaomba triphase (kuranti ya faze tatu) ya volti 400, na inakula kilowati kazaa ikitumika. Kwa jua ndogo ni mzigo muzito. Mawazo yangu: nunua sanduku, toa ile mashine, weka kompreseri ndogo yenye inapimika na hesabu yako.

Turudi ku hesabu. Kuta 11. Bidhaa, ukiingiza tone moja kwa siku yenye imepata joto kidogo, 3. Mulango wenye unafunguka, bantu wanaoingia (mutu moja mu chumba ya -20 anatoa joto kama wati 400), taa, vantilateri, dejivraji (kuyeyusha barafu ya evaporateri), weka 6. Jumla kWh 20 ya baridi kwa siku. Sasa baridi na kuranti si kitu kimoja: kompreseri ya -20 ikikula kWh 1 ya kuranti inatoa kama 1.4 ya baridi, ile ya +4 inatoa 2 na nusu mpaka 3. Kwa hiyo 20 gawanya na 1.4 ni 14, ongeza vantilateri na hasara za onduleri na kabli, shika 18. Chumba yetu inaomba kWh 18 ya kuranti kila siku.

Hapa Lubumbashi kuko jambo moja yenye guide za Ulaya hazikuambie. Mwezi wa joto na mwezi wa jua mubaya si mumoja. Mwezi wa 10 ni joto kali, digri 32 na zaidi, lakini jua iko inawaka muzuri. Mwezi wa 1 na wa 2 joto inashuka lakini mawingu na mvua, pano zinalala. Kwa hiyo kompreseri unaipima na mwezi wa 10, na pano unaipima na mwezi wa 1. Fundi mwenye anapima vyote viwili na wastani wa mwaka anakuwekea depo yenye itakuacha mu mwezi wa 1, wakati bantu wametumia franka mu sikukuu na kila karto unayotupa inauma mara mbili.

Mu miezi ya mvua shika masaa 4 na nusu ya jua kamili kwa siku (ni kusema jua ya siku nzima ukiikusanya kama yote ni jua kali), na mutambo wote ufanye kazi pa asilimia 75, ju ya vumbi, joto na kabli. 18 gawanya na 4.5 gawanya na 0.75 inatoa kilowati 5.3. Weka pano 12 za wati 550, inafanya 6.6, na ile ya juu ni akiba yako ya siku za mawingu.

Pano zielekee kaskazini. Nasema kwa nguvu ju nimeona zenye zinaangalia kusini, fundi alifuata video ya Ulaya. Sisi tuko chini ya ekweta, pa digri 11 na nusu hivi, jua yetu inapita kaskazini sehemu kubwa ya mwaka. Inamisha digri 12 mpaka 15, hapo mvua inaosha yenyewe. Kama paa la depo lina nguvu ziweke pale juu na acha nafasi ya hewa chini yake, ju zitafunika paa na kivuli, plafo ya depo itapata joto kidogo. Muembe wa jirani, tanki ya maji, ukuta wa parseli, angalia kivuli zao saa mbili ya asubuhi na saa kumi ya jioni, kivuli ya pano moja inaweza kuvuta chini safu yote. Na kiangazi, mwezi wa 5 mpaka wa 9, ile vumbi nyekundu ya barabara inalala juu yake kama poda, osha kila juma, asubuhi mapema mbele pano haijapata joto, na maji na kitambaa laini, bila sabuni ya unga.

Sasa sehemu yenye mimi napenda zaidi, na yenye inakuokolea franka mingi: batri. Fundi atakuambia usiku ni masaa 14 bila jua ya maana, unahitaji kWh 10 ao 15 ya batri. Ni kweli kama unafikiri kompreseri inapashwa kutumika usiku kama muchana. Lakini angalia mule ndani kuko nini. Tone 5 ya samaki yenye imeganda, kuishusha digri moja tu inaomba kWh 2.8 ya baridi. Ukiishusha muchana mpaka -23, jua ikiwa juu na pano zinatoa kuranti yenye ungeitupa, ukafunga mulango saa kumi na moja na nusu ya jioni, usiku muzima kuta zinaingiza kama kWh 7, samaki inapanda digri 2 na nusu hivi, asubuhi unakuta iko chini ya -20. Samaki yako njo batri yako, na hiyo umekwisha kuinunua. Batri ya kweli inabaki ya vantilateri, ya termostati, ya taa, na ya kuwasha kompreseri kidogo usiku kama joto imezidi. kWh 5 mpaka 10 inatosha.

Lakini kuko masharti. Depo yenye iko tupu haina batri hii, kwa hiyo siku za stoki kidogo kompreseri itaomba kuranti ya usiku. Karto za inje zinapata joto mbele ya za kati, kwa hiyo termometa inakaa mu karto ya inje, karibu na mulango, usiiweke katikati ikudanganye. Karto zikae juu ya palete, zisigusane na kuta, baridi ipite pande zote. Na hii ni ya bidhaa ya kuganda tu, usifanye na mboga, utaigandisha. Kwa +4 kuko njia ya barafu: kilo 100 ya maji yenye imeganda inashika kWh 9 ya baridi, unagandisha muchana mu bido ao mu plake, usiku inayeyuka polepole inalinda chumba.

Batri yenyewe chukua litiamu fosfati. Ile ya risasi ni bei chini siku ya kununua, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila usiku inakufa mbio, na joto ya mwezi wa 10 inaongeza. Litiamu fosfati inavumilia mizunguko maelfu.

Ukikubali kutumika muchana, kompreseri inapashwa kuwa kubwa kuliko yenye frigoristi wako amezoea. Yeye anapima kama itatumika masaa 16 ao 18 kwa siku, weye unataka imalize kazi mu masaa 10 ya muchana. kWh 20 mu masaa 10 ni kilowati 2 ya baridi, na ile kilowati 2 ipimwe pa evaporateri ya -28, hapana ile namba kubwa yenye iko ku karatasi ya bei. Mwambie wazi. Na umwambie pia kompreseri ya kawaida ikiwaka inavuta kuranti mara 5 mpaka 7 ya ile yenye inakula ikisha kuzunguka, na hapo njo onduleri mingi zinaanguka. Yenye inabadilisha mwendo, inaanza polepole na inafuata jua, ni ghali zaidi lakini kwa jua njo yenye nashauri. Kama haipatikane, weka kifaa cha kuwasha polepole na onduleri yenye inabeba ule muruko.

Gazi yenye inazunguka mu mashine na kuleta baridi nayo uliza. R404A bado inauzwa mingi huku lakini inachafua hali ya hewa mara karibu 3,900 kuliko gazi ya kaboni (CO2), kilo kwa kilo, na tangu mapatano ya Kigali ya 2016 mataifa yanaipunguza hatua kwa hatua, kesho kuipata itakuwa ghali. R290, ni propani, haina hiyo shida na inatoa baridi muzuri, ila inawaka moto, kwa hiyo ni kazi ya fundi mwenye anaijua, na hewa ipite fasi kompreseri iko.

SNEL, kampuni ya kuranti ya taifa, usiikate. Hata ikikuya masaa machache, ile ni kuranti ya kujaza batri na kushusha samaki. Lakini isiingie moja kwa moja ku kompreseri. Weka kifaa cha kupima volti, kama iko chini sana ao juu sana ikatae, kama ni triphase na faze moja inakosa ikatae. Na taima ya dakika 5: kuranti ikirudi kompreseri ingoje. Ikiwaka mbele presio haijatulia inaungua, na kuranti yenye inakuya na kwenda mara tatu mu saa moja inaua kompreseri mingi kuliko uzee. Ni kifaa kidogo, bei kidogo, na bado depo mingi hazina.

Jenereta ya mazutu ibakie, ndogo, ju ya juma ile ya mwezi wa 2 yenye jua haionekane. Lita moja mu jenereta yenye inatumika muzuri inatoa kama kWh 3, kwa hiyo siku moja nzima bila jua ni lita 6 ao zaidi. Ukijua ile namba utajua pia kila siku ya jua inakuokolea nini.

Radi. Mvua yetu inakuya na radi kali, weka parafudri (kifaa cha kuzuia radi) upande wa pano na upande wa kuranti, na mise-a-la-teri (waya wa kupeleka kuranti mu udongo) ya kweli, yenye imepimwa na chombo, chini ya omu 10. Udongo wetu mu kiangazi unakauka na haupitishe kuranti muzuri, kwa hiyo upime mu mwezi wa 8 ao wa 9, usipime kisha mvua. Dijonkteri (vifaa vya kukata kuranti) za upande wa pano ziwe za kuranti kontini (DC), ile ya nyumba haizime cheche ya moto yenye inaruka ikikata kuranti ya pano.

Kisha depo kusimama, kazi ya kila siku njo inalinda yote hii. Kamio ikifika, toboa samaki ya karto za mulangoni na termometa ya sindano, ya katikati na ya nyuma pia. Kama karto ziko na maji yenye ilikauka chini, ao samaki zimeshikana kama jiwe moja na barafu katikati, zilikwisha kuyeyuka njiani na kuganda tena, zikatae ao andika ku karatasi mbele dereva hajaenda. Ingiza mizigo asubuhi, jua ikuwe na siku yote ya kuirudisha baridi. Bamama wanaokuya kuchukua karto za kuuza ku soko ya Kenya ao ya Katuba, zile komini za Lubumbashi, patana nao saa, wakuye pamoja saa kumi na mbili ya asubuhi, karto zao ziwe tayari mu kale kachumba ka mulango. Mulango kufunguka mara 6 ni tofauti kubwa na mara 40. Dejivraji iweke saa sita ya muchana, usiache ile ya usiku yenye kiwanda kiliweka.

Kama unataka kulipisha bengine nafasi, fanya kama ColdHubs, kampuni ya depo za baridi za jua ya Nigeria: mutu analipa kwa kasha kwa siku, haombwe kununua mashine. Kwa mama mwenye karto mbili hiyo ni bei anaweza, na kwa weye depo yenye imejaa inashika baridi muzuri kuliko tupu.

Mwisho, mbele ya kumaliza kulipa bafundi. Andika mu kontra kwamba sehemu ya mwisho ya franka inatoka kisha mutihani huu: depo iko na nusu ya stoki ao zaidi, termometa mu karto ya inje inasema -22 ao chini, saa kumi na mbili ya jioni unazima yote, SNEL, batri, jenereta, unafunga mulango na unaweka kufuli. Saa kumi na mbili ya asubuhi unafungua mbele ya fundi na mnasoma pamoja. Kama imebaki -18 ao chini, mulipe na umushukuru. Kama imepanda juu ya pale, tatizo haiko mu pano, muzunguke pamoja na taa mukitafuta jasho ya maji ku viungo vya inje, ku joe ya mulango na ku matundu ya tiyo, azibe, kisha murudilie usiku unaofuata.